Mkalimani wa Dada Yake

Filimone alilima viazi vikuu katika kisiwa cha Lifuka, visiwani Tonga. Kila mavuno, kiazi kinene kuliko vyote hakukila yeye. Alikipeleka kwa dada yake, Akanesi. Akanesi alizaliwa miaka sita baada yake, lakini kwao dada ni mkubwa hata akiwa mdogo. Kaka haingii chumbani mwake. Hatanii mbele yake. Mambo ya mwili ndiyo hayatajwi kabisa. Filimone alikuwa na mvi kidevuni, na bado Akanesi alipopita alishusha sauti.

Kisha Akanesi akaanza kuhema. Alifua nguo mbili, akapumzika. Alipanda ngazi za kanisa huku ameshika ukuta. Daktari alimpima, akasema kilango kimoja cha moyo wake kimeharibika. Chanzo ni homa aliyoipata utotoni baada ya kuumwa koo. Ilibidi aende Auckland, New Zealand, akapasuliwe.

Mume wake alikuwa na watoto wanne wa kutunza. "Shemeji, wewe Kiingereza unakijua," akamwambia Filimone. "Nenda naye."

Filimone akafunga kiunoni mkeka wake wa heshima, kama Watonga wanavyovaa mbele za watu, wakapanda ndege.

Auckland walipewa vyumba viwili vya jirani, katika nyumba ya wagonjwa wanaotoka mbali. Upasuaji ulipangwa kuwa Alhamisi. Filimone alipika, akabisha hodi, akaweka sahani mlangoni na kuondoka. Sahani zilirudi na chakula nusu. Hakuuliza kwa nini.

Jumatatu walikwenda hospitali. Daktari alikuwa mpole. Akanesi hakujua Kiingereza vizuri, kwa hiyo daktari akamgeukia Filimone.

"Muulize dada yako: akilala anapata pumzi? Anakojoa mara ngapi? Miguu imevimba?"

Masikio ya Filimone yakawaka moto. Amuulize dada yake habari za kukojoa? Bora ardhi ipasuke immeze! Akatazama sakafu.

"Daktari anauliza kama hujambo," akasema kwa Kitonga.

"Sijambo," akajibu Akanesi, naye akitazama sakafu.

"Anasema yuko salama kabisa," Filimone akamwambia daktari.

Pembeni alikuwapo nesi akipanga karatasi. Aliitwa Pisila, na kwao ni Tonga vilevile. Akaziweka karatasi chini, akamwita Filimone nje.

"Kaka, daktari kauliza maswali matatu. Wewe umepeleka salamu!"

"Nesi, na wewe ni Mtonga. Yule ni dada yangu!"

"Najua. Mimi nina kaka watano, na hakuna hata mmoja anayejua ninavaa viatu namba ngapi." Pisila alicheka, kisha akaacha. "Lakini Alhamisi watamfungua kifua. Kama mapafu yana maji na sisi hatujui, huenda asiamke. Umesema yuko salama. Umejuaje?"

Filimone akageuka, akautazama mlango wa daktari.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," Pisila akasema. "Ndugu hafai kuwa mkalimani wa mgonjwa. Huona haya, au huogopa, akaacha jambo. Ukiwa na mgonjwa ugenini, omba mkalimani wa hospitali. Mgonjwa mwanamke aweza kuomba mwanamke mwenzake. Leo nitazungumza naye mimi."

Akaingia, akafunga mlango. Alipotoka, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Ameniruhusu nikwambie. Siku tatu hajalala chali. Analala ameketi, kaegemea mito minne. Miguu imevimba hadi magotini. Alinyamaza asikuaibishe."

"Ukuta mmoja tu ulitutenganisha," Filimone akasema, na machozi yakamtoka. "Nilidhani namheshimu."

Siku ileile Akanesi alilazwa. Alipewa dawa ya kutoa maji mwilini, na upasuaji ukasogezwa wiki moja mbele.

"Na mimi nifanye nini?" Filimone akamuuliza Pisila. "Nikae kama mzigo?"

"Kwetu nani humtuma mwenzake, dada au kaka?"

"Dada."

"Basi usimuulize kitu. Yeye akutume. La siri ataniambia mimi. Mengine utayaleta wewe, neno kwa neno."

Filimone akapata kazi. Aliketi nje ya pazia na daftari. Humo aliandika kila dawa na saa yake. Jumamosi mchana sauti ya Akanesi ikatoka ndani.

"Filimone! Kamwambie nesi kifua kinabana. Sasa hivi!"

Mzee mzima akatimua mbio ukumbini, mkeka ukipigapiga magoti. Manesi walifika upesi, wakampa hewa ya oksijeni, wakamwongezea dawa. Jioni Akanesi alilala kwa mto mmoja.

Upasuaji ulichukua saa tano. Siku ya nne baada yake, Filimone alikuwa ameketi penye pazia akasikia mlio mdogo. Ki. Ki. Ki. Akatafuta saa ukutani, hakuiona.

"Si saa," Pisila akamnong'oneza. "Ni kilango kipya cha moyo, cha bandia, kinafunga na kufungua. Atameza dawa ya kuzuia damu kuganda kila siku, maisha yake yote, na kupimwa damu. Asikose hata siku moja."

Filimone aliandika. Kisha kalamu ikamtoka mkononi. Dada ambaye hakuwahi hata kumtazama miguu, leo anasikia moyo wake! Akashuka kitini, akakaa sakafuni, akakunja miguu kama wanavyokaa kwao mbele ya mkubwa.

"Nani yupo hapo?" Akanesi akauliza. Hakuwa anahema tena.

"Mimi, dada."

"Mbona kimya?"

"Nausikia moyo wako, dada."

"Na mimi nausikia," Akanesi akasema. "Haya, kampigie shemeji yako simu. Mwambie ulichosikia."

Filimone akapiga simu Lifuka. Shemeji yake alipokea, watoto wote wanne wamemzunguka. "Shemeji! Vipi huko? Sema!"

Filimone akakumbuka: neno kwa neno. Akasogeza simu mdomoni.

"Ki," akasema. "Ki. Ki. Ki."