Kumrudisha Papa Barthélemy

Alasiri niliyotoka Kadutu na pikipiki ya marehemu, niliwaambia majirani kwamba naenda kujaribu mnyororo. Haukuwa uongo. Fundi anayemrudishia mtu pikipiki bila kuipandisha mlima kwanza anacheza bahati nasibu na roho ya mwenzake, na mafundi wa namna hiyo Bukavu hawakukosekana.

Ilikuwa pikipiki kubwa ya safari, yenye kiti kipana cha kukaa wawili, iliyoachwa na Mzungu wa shamba la kwinini. Papa Barthélemy aliichukua akawa anafika nayo mpaka Uvira. Siku moja, kwenye mteremko wa Ngomo, mnyororo wa ndani ulikatika. Huo ni ule unaokaa katika oili ndani ya kifuniko cha pembeni, ukipeleka nguvu ya injini kwenye ambreyaji, yaani klachi. Ukikatika, hujikunja humo ndani na kila kitu kinakwama ghafla. Pikipiki ilisimama. Barthélemy hakusimama. Mvua ilikuwa imekata njia, basi watu wa kule wakamzika palepale kando ya barabara, na chuma kikarudi mjini juu ya lori bila mwenyewe.

Mjane wake, Maman Euphrasie wa Nyantende, aliniletea chuma hicho. Alitaka mnyororo usiokatika. Kamba hukatikia pembamba. Nikautupa ule mwembamba, nikaweka wa safu mbili pamoja na magurudumu yake ya meno na sahani nyingine za ambreyaji, vyote kutoka kwenye pikipiki iliyokufa huko Kavumu. Mnyororo wa namna hii haulegei sawa kila mahali. Unauzungusha polepole, unaubonyeza kwa kidole gumba, unatafuta mahali ulipokaza zaidi, na hapo ndipo unapopimia. Ukipimia palipolegea, utakaza mno, na siku injini ikipata moto utakukatikia mlimani. Nadhani kuna mtu aliyepima vibaya kabla yangu, Mungu amsamehe, maana mimi nimeshindwa.

Kazi hiyo niliifanya jioni nyingi, peke yangu. Mke wangu Domitille alikuwa amefariki, na hatukubahatika kupata mtoto. Siku zile za Zaïre kila mtu alikuwa citoyen, raia, majina ya ubatizo yamekatazwa; wengi waliyatumia chinichini, ila mimi kwa wote nilikuwa fundi tu. Domitille peke yake ndiye aliyeniita Venant, mlango ukishafungwa. Tangu azikwe sikulisikia tena jina hilo, na nyumba ile ya vyumba viwili ikawa kubwa kupita kiasi.

Nilipomaliza, Maman Euphrasie alinipa kitambaa cha mumewe, akanieleza alichotaka hasa. Niende mpaka kaburini, nifunge udongo kidogo ndani ya kitambaa, nigeuze pikipiki, nirudi moja kwa moja kwake. Kwao ndivyo anavyorudishwa mtu aliyefia mbali. Asiporudishwa hubaki njiani na baridi yake. Kila mvua ikinyesha, alisema, anamsikia nyuma ya ua akishindwa kuingia. Ndugu za mumewe walikuwa wamekataa kwenda. Walisingizia padri, lakini walichoogopa ni barabara.

Alinishika mkono.

"Mu njia usijibu mutu, fundi. Hata akuite jina. Mwenye anamujibu, njo uyo marehemu anafwata. Mimi nataka aingie kwangu."

Nilimwahidi kutomjibu yeyote, marehemu asije akanifuata mimi. Kunyamaza hakukunitisha, nilikuwa na mazoezi ya kutosha.

Nilifika Ngomo jua likizama. Upande mmoja mwamba, upande wa pili shimo ambalo jicho halifiki chini yake. Kaburi lilikuwa rundo la mawe tu. Nilichota udongo, nikafunga kitambaa, nikakitia mfukoni. Upepo ulikuwa umekufa. Hata wadudu walikuwa kimya.

Nikapanda. Kabla sijapiga teke la kuwasha... kiti kilishuka nyuma yangu.

Taratibu. Kama anapopanda mtu mzito mwenye mzigo.

Springi za zamani, nilijiambia, zimechoka. Nikawasha, nikaachia ambreyaji. Sahani ziliteleza kidogo, kisha zikashika, na pikipiki ikavuta kwa shida, jinsi inavyovuta watu wawili. Nilisikia harufu ya oili ya moto. Chini yake palikuwa na harufu nyingine. Udongo mbichi... na tumbako.

Kijiji cha Nyangezi nilikipita giza likiwa limeingia. Watu kando ya barabara walinisalimu, sikujibu. Mwanamke mmoja aliyebeba kuni alisogea pembeni, akafanya ishara ya msalaba. Hakunitazama mimi. Alitazama nyuma ya bega langu.

Sikugeuka.

Halafu shingoni... pumzi. Ya baridi.

"Venant."

Niliuma meno. Ilikuwa sauti ya Barthélemy, ile nzito ya mvuta tumbako. Lakini Barthélemy aliniita fundi maisha yake yote.

"Venant... ulisha kula?"

Nataka mnielewe. Angenitisha, ningenyamaza. Angelia, ningenyamaza. Lakini swali hilo ndilo aliloniuliza Domitille kila jioni nilipoingia na mikono yenye grisi, na tangu afe hakuna mtu duniani aliyetaka kujua kama nimekula. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Bado."

Niliongeza mwendo.

Nyantende, Maman Euphrasie alikuwa langoni na taa. Alivaa kikwembe cha sikukuu, na ndani nyumba ilinukia maharagi. Nilizima injini nikampa kitambaa. Alikipokea kwa mikono miwili, akaja nyuma yangu, akaunyosha mkono juu ya kiti kitupu kama anayemsaidia mtu kushuka.

Mkono ulibaki hewani.

Tulingoja. Injini ilikuwa ikipoa... tik... tik...

"Iko hapa," alinong'ona. "Lakini hashuki."

Kisha akaniangalia usoni. "Ulimujibu?"

Nilisema hapana.

Nadhani alijua. Aliniomba niondoke na pikipiki, niikague vizuri, kisha nirudi Ngomo nianze safari upya, safari hii bila neno hata moja. Alifunga mlango. Nilimsikia akilia ndani, taratibu, kama mtu asiyetaka kumsumbua mgeni.

Padri niliyemweleza aliniambia springi ni springi na upepo ni upepo, na kwamba mpweke husikia anachokikosa. Huenda. Ila padri hajui kwamba jina lile lilitamkwa ndani ya kuta zangu tu, na mdomo mmoja tu. Domitille alitangulia. Kama Barthélemy amelipata kwake, basi huko waliko wameonana.

Sasa jioni nakaa garajini karibu na pikipiki. Kiti hushuka. Tumbako hunukia. Namwuliza Barthélemy, naye hujibu sentensi moja, kwa shida, halafu basi mpaka siku nyingine. Ameniambia Domitille anakaa mahali penye mvua. Ameniambia bado ana kile kikohozi kilichomwua. Jana aliniambia kuna jambo ambalo Domitille hakuniambia alipokuwa hai, akanyamaza hapo.

Maman Euphrasie huja kwa miguu kutoka Nyantende, miguu imevimba. Huweka kiganja juu ya kiti, akaulizia baridi ya mumewe, akaniuliza lini tutarudi Ngomo, maana anaogopa kufa kabla hajamwingiza nyumbani.

Mimi namwambia mnyororo umekatika tena, Maman, tunangoja mwingine.

Mnyororo ni mzima. Lakini Barthélemy hajamaliza kunieleza habari za Domitille.