Kicheko cha Kichangamshi

Alfajiri ya bandia ilipanda ukutani, ikaanza na rangi ya chungwa na kuishia kwenye mwanga mweupe kama wa saa nne asubuhi kule Usangi. Nje giza totoro. Katika jiji la Haldvik, kaskazini ya mbali, jua likizama mwezi wa Novemba halionekani tena hadi Januari, na zamani watu walishindwa hata kutoka kitandani. Ndipo halmashauri ikafunga Kichangamshi katika kila nyumba: kisanduku kinachomwaga mwanga, kinachopima mapigo ya moyo na sauti ya mwenye nyumba, na kupitisha simu zake zote.

Nakiete Msuya, mhandisi wa mabomba ya maji moto aliyetoka Usangi, alikipenda. Msimu wake wa kwanza, kabla hakijafungwa, alikuwa akilia huku akifunga viatu. Msimu huu aliamka akipiga mluzi. Lakini kuna jambo lilianza kumkereketa, nalo ni simu za mama yake.

"Habari za huko, mama?"

"Nzuri sana, mwanangu!"

"Na baba?"

"Nzuri tu!" Na kicheko juu yake.

Nzuri tu, kisha basi? Hebu niambie, nani kwetu anapiga simu nyumbani yakaishia hapo? Hata nyumba ikiungua, salamu hujibiwa nzuri kwanza. Mabaya huja baadaye, taratibu, mtu akishakaa sawa. Ng'ombe kafa, jirani kasogeza mpaka, mguu wa baba umevimba. Msimu wote huu wa baridi hakuna hata kuku aliyeumwa! Wananificha kitu hawa, Nakiete akajisemea.

Akamwita Barasa, fundi wa vichangamshi, mtu wa Bungoma aliyependa chai kuliko kazi.

"Barasa, ndugu yangu, niambie ukweli. Hiki kidude kinafanya nini na simu zangu?"

Barasa akazungusha kikombe. "Kwani hulali vizuri, dada?"

"Nimekuuliza habari ya simu."

"Kinachuja. Maneno ya huzuni yanaondolewa, na pengo linajazwa kwa sauti ileile ya msemaji. Sasa ukichuja upande mmoja, yule wa pili atakusikia umenyong'onyea, atalia, nawe utarudi kulekule. Kwa hiyo kinachuja pande zote mbili."

"Yaani mama naye..."

"Anakusikia una furaha." Akatazama pembeni. "Tuko hivyo wote, dada. Mimi mwenyewe siulizi ya nyumbani."

Nakiete hakungoja hata kuvaa kofia. Alikimbia hadi ofisi ya bandari, kwenye simu ya zamani ya mezani ambayo halmashauri haikujisumbua nayo. Akabonyeza namba.

"Mama, ni mimi, Nakiete. Niambie yote. Baba anaendeleaje?"

Ikaja sauti kavu, iliyochoka, ambayo hakuwa ameisikia tangu jua lizame.

"Wewe ni nani?"

"Mama!" Nakiete akaita kwa sauti ya kilio.

"Binti yangu nilimwambia baba yake amefariki, akacheka. Nikamwambia tunazika Jumamosi, akaniambia huko aliko kunapendeza. Nikasema labda uchungu umemvuruga akili. Leo wewe ndiwe unayelia?"

"Baba amefariki?" Akakaa sakafuni, mkono wa simu sikioni.

"Msinichezee! Tumesikia habari za mashine zinazoiga sauti za watu, zikajiliza, zikaomba hela. Mwanangu namjua. Siku hizi halii."

Akakata. Nakiete akapiga tena na tena. Haikupokelewa.

Aliporudi nyumbani macho yakiwa mekundu, Kichangamshi kilimwona, kikaongeza mwanga. Simu ikaita. Alikuwa mama yake, bila shaka akitaka kuhakikisha kwa binti yake halisi.

"Mwanangu! Habari za huko?" Kikafuata kicheko kirefu, na Nakiete akajua ni kilio cha mama kilichokatwa hapo.

"Mama, yule nilikuwa mimi! Nisikie, mama, ninalia! Namlilia baba!"

Alipiga kelele, akirudia maneno hayohayo.

"Haya, mwanangu," mama yake akasema, kwa sauti changamfu kabisa aliyopewa na Kichangamshi. "Endelea kucheka."