Doa Lisilotolewa

Dobi alisifika mtaa mzima: hapakuwa na doa lililomshinda. Kila asubuhi alifua mtoni mashuka ya nyumba ya wageni. Mkewe alipiga pasi.

Mwaka huo mashuka yakaanza kutoka majini na rangi ya kutu. Samaki walielea wamekufa. Ng'ambo ya mpaka, mgodi ulikuwa ukimwaga maji ya sumu mtoni. Dobi alisugua mpaka mikono ikachubuka. Mwenye nyumba ya wageni akamwambia, "Yakirudi hivi tena, natafuta dobi mwingine."

Jirani yao, karani wa mahakama, alifuata shati lake. Akamkuta Dobi ameinamia beseni.

"Unafanya nini, jirani?"

"Natoa madoa."

"Unafuta ushahidi."

Dobi akacheka. "Ushahidi wa nini? Mgodi uko nchi nyingine. Walitozwa faini huko, wakalipa, wakaendelea kumwaga."

"Ndiyo hivyo. Kampuni inalipa, wakubwa wake wanalala usingizi. Sasa kuna nchi zinataka uharibifu mkubwa wa mazingira uwe jinai ya kimataifa, kama uhalifu wa kivita. Hapo bosi mwenyewe anaweza kusimama kizimbani."

"Imeshapitishwa?" aliuliza mke wa Dobi.

"Bado, shemeji. Zinajadiliana. Kamati ya bunge letu inapokea maoni mwezi ujao. Wapelekeeni madoa haya."

"Mimi nipeleke nguo chafu mbele za watu?" Dobi alisema. Aliona aibu kweli.

"Mume wangu, wewe utazikwa na sabuni mkononi," mkewe alisema.

Dobi alichana shuka lake la zamani vipande vinne. Kila wiki alichovya kimoja mtoni, akakianika bila kukifua. Pembeni aliandika tarehe kwa wino anaotilia alama nguo za wateja. Mashuka ya kazi aliyafua kwa maji ya bomba, akipanga foleni na ndoo zake.

Mbele ya kamati alivitandaza vyote. Kila kipande kilikuwa kimekolea kutu kuliko kilichotangulia.

"Haya madoa hayatoki?" aliuliza mwenyekiti.

"Kuyatoa naweza, mheshimiwa. Sitaki."

Kamati iliishauri serikali iunge mkono sheria hiyo, nayo ikakubali. Serikali pia ilizungumza na nchi jirani, na mgodi ukasimamishwa ili uchunguzwe. Maji yakaanza kutakata pole pole, na Dobi akarudi mtoni na mashuka ya wageni.

Vile vipande vinne viko kabatini. Mkewe anamwomba avifue, apate matambara. Dobi humjibu kwamba kesi haijaisha.