Jina Alilomwazima Patron

Mvua ilipoangukia Kalundu, bandari ya mji wa Uvira kwenye Ziwa Tanganyika, watu walijibanza chini ya turubai la wauza ndagala, dagaa wa ziwa hilo. Providence, kitenge chake cha njano kimelowa hadi magotini, akajikuta ameegemea kifua cha kijana mmoja mrefu.

"Mama, ukiniegemea hivi, utanitolea mahari!"

Alicheka kabla hajajizuia.

Kijana aliitwa Pitchou, dereva wa mfanyabiashara wa dhahabu. Providence alimwambia anafuatilia bei za sokoni. Kumbe aliajiriwa na kampuni binafsi ya Ulaya, iliyolipwa na mabenki kuchunguza wafanyabiashara waliowekewa vikwazo. Alipogundua kwamba bosi wa Pitchou, patron kama alivyomwita, alikuwa mmojawapo, moyo wake ulikuwa umeshazama katika penzi.

"Sheri, mpenzi wangu, umekula?" Pitchou alipiga simu kila mchana.

"Bado."

"Basi na minye, mimi mwenyewe, nabaki na njaa."

Jumapili moja, wakitoka misa, Pitchou alimshika mkono, uso ukimeremeta.

"Na minye niko patron sasa! Benki zilimufungia mukubwa akaunti, akaazima jina langu. Kampuni mupya iko kwa jina langu. Atanipandisha mushahara, nikuoe."

Providence alimvuta kando. "Toka humo, Pitchou. Leo!"

"Juu ya nini? Weye hautaki ndoa?"

Angemjibu vipi bila kutaja kazi yake ya kweli? Pitchou akaondoka amenuna.

Mabosi wa Providence walikuwa wameshaanza kuuliza juu ya kampuni hiyo. Aliwaandikia ukweli, akawasihi: huyu kijana ametumiwa tu, hajui kitu. Walimshukuru. Katika ripoti waliyoitoa, jina la Pitchou lilikuwamo. Ombi la Providence halikuwamo.

Benki ikamfungia Pitchou akaunti. Patron akamfukuza, akafungua kampuni nyingine kwa jina la shemeji yake, na dhahabu ikaendelea kuvuka ziwa.

Providence aliacha kazi, akamfuata Pitchou hadi Sange, kwenye shamba la mpunga la mjomba wa kijana huyo. Alimkuta ndani ya maji, suruali imekunjwa, amekonda. Akamweleza kazi yake ya kweli.

"Ni weye njo uliwaambia?"

"Niliwaambia hukujua."

"Lakini jina njo lilibaki."

"Nisamehe. Tuoane hivihivi, mpenzi. Nitalima na weye."

Pitchou alifuta machozi kwa mkono wenye tope.

"Minye sina kasirani. Nakupenda bado. Lakini jina langu liliharibika: nikikuoa, utaitwa bibi ya nani? Mutoto wetu ataandikwa jina gani?"



Pitchou alimsindikiza hadi barabarani, akasimamisha gari la Uvira, akamfungulia mlango. Lilipoondoka, Providence aligeuka kumpungia. Pitchou alikuwa ameshaanza kurudi shambani.