Nani Anaiua Kompyuta ya Bi Kasi?

Inspekta alipoingia ofisini asubuhi hiyo, marehemu alikuwa juu ya meza, kioo cheusi tii, na Bi Kasi amekaa mbele yake mikono mapajani kama mfiwa. Kisha marehemu akafufuka. Feni ikaunguruma, taa ndogo ya kijani ikawaka, na maandishi yakaanza kupanda kiooni kana kwamba hakuna lililotokea.

"Mara ya ngapi wiki hii?" akauliza Inspekta.

"Nimeacha kuhesabu, afande."

Bi Kasi alikuwa mwandishi wa kituo cha polisi. Jina hilo alibandikwa na askari kwa jinsi vidole vyake vilivyokimbia. Maelezo ya shahidi yalikuwa yameshachapwa kabla shahidi hajamaliza kupenga kamasi. Wiki hiyo alikuwa na jalada la wezi waliovunja ghala la dawa la hospitali, na jalada lilitakiwa mahakamani kesho yake. Kila alipolifikisha katikati kompyuta ilijizima na kujiwasha upya. Safari ya mwisho, faili lilipofunguka lilikuwa limejaa vijialama visivyosomeka.

Mkuu wa kituo alikuwa ameshakata kauli. Alimwita Inspekta, akafunga mlango, akasema bila kuzunguka kwamba mama yule amehongwa na ndugu za wale wezi. Inspekta alete ushahidi kabla ya jioni. Ushahidi usipopatikana, Bi Kasi angeondoka vivyo hivyo, kwa uzembe.

"Kituo hiki ndicho kilichomlea," akasema Mkuu. "Lakini shukrani ya punda ni mateke."

Inspekta alimjua Bi Kasi. Alikuwa akisomesha wajukuu wawili waliofiwa na wazazi, na mshahara ule ndio uliokuwa paa la nyumba yao. Hata hivyo, upelelezi hauendeshwi kwa huruma. Alirudi mezani kwake, akakuta kikombe chake cha chai kinafuka, akapiga mafunda mawili akiwaza. Kwa chai alikuwa na bahati. Askari wenzake hawakuacha kulalamika kwamba ya chupa imepoa, naye aliwaona wana madeko tu.

Shahidi wa kwanza alikuwa Fundi wa kompyuta, mtu mwenye bisibisi nyuma ya sikio na maneno mengi mdomoni. Alikuja ameshajihami.

"Uliifanyia nini?"

"Nilifungua, nikapuliza vumbi. Vumbi lilikuwa la kupanda mahindi, afande. Nikachomoa kadi za kumbukumbu, nikazisafisha, nikazirudisha. Haikukoma. Nikabadilisha kisanduku chake cha umeme."

"Ikakoma?"

"Kwangu ilikoma. Niliiwasha karakanani kutwa nzima, haikukohoa. Nikairudisha hapa, haikumaliza hata asubuhi moja. Ni kama mtoto anayeumwa tumbo siku za shule tu."

Inspekta akaacha kuandika. "Ulibeba na nyaya zake?"

"Za nini? Nyaya ninazo kwangu."

Hapo Inspekta alihisi kile kitu alichokuwa akikihisi kila kesi inapoanza kufunguka, mwasho mdogo nyuma ya shingo. Mgonjwa anayepona akihama nyumba hana ugonjwa mwilini. Ugonjwa uko ndani ya nyumba. Alimshukuru Fundi, akamwomba asiende mbali, akavuta kiti mbele ya Bi Kasi.

"Leo ilizima saa ngapi?"

"Saa sikuangalia. Ilizima ulipokuwa unaingia."

"Jana?"

"Jana pia. Ulipokuwa unaingia."

"Na juzi?"

"Juzi ilizima mara mbili." Bi Kasi akasita, akaangalia chini. "Unisamehe, afande. Askari wanasema una mkosi na mashine. Mimi sikutaka kukwambia."

Inspekta hakucheka. Juzi aliingia asubuhi, akatoka kwenda hospitali kuona lile ghala lililovunjwa, akaingia tena. Kuingia mara mbili, vifo viwili. Na wiki aliyokuwa kozini? Bi Kasi akafikiri kidogo, akasema wiki ile kompyuta ilifanya kazi vizuri hadi akasahau kwamba ni mbovu.

Kwa mara ya kwanza tangu avae sare, Inspekta alijikuta yeye mwenyewe ndiye mshukiwa namba moja.

Akaamua kuurudia uhalifu. Alimwambia Bi Kasi achape chochote, hata orodha ya sokoni, asiinue macho. Akatoka, akazunguka jengo, akaingia kwa mlango mdogo wa nyuma, akasimama nyuma ya kiti chake. Kompyuta haikutikisika. Akatoka tena, safari hii hadi barabarani, akaingia kwa lango kubwa akitembea mwendo wake wa kila siku. Alikuwa hajafika hata katikati ya uwanja aliposikia sauti ya Bi Kasi dirishani.

"Imekwenda, afande."

Basi kompyuta haikumwogopa yeye. Kulikuwa na mtu aliyeliangalia lango, na kila akimwona Inspekta, mtu huyo alifanya jambo.

Akaingia mbio, akapiga magoti chini ya meza na suti yake safi. Waya wa kompyuta uliingia kwenye ekstensheni kuukuu, nyembamba, iliyofungwafungwa kwa utepe wa gundi. Ekstensheni ilipita kwenye tundu la ukutani lililozibwa kwa gazeti. Upande wa pili wa ukuta ulikuwa stoo, na stoo ilikuwa na dirisha moja tu, linalotazama lango.

Kikulacho ki nguoni mwako. Inspekta akafungua mlango wa stoo taratibu.

Shangazi alikuwa ameinama kwenye kabati la sare kuukuu. Kituo kizima kilimwita hivyo, mama mtu mzima aliyefagia, aliyefuta meza na kugawa chai. Kati ya makoti yaliyoliwa na nondo, birika la umeme lilikuwa likichemka. Waya wake ulichomekwa kwenye ekstensheni ile ile. Mkononi alishika kikombe, na kikombe kilikuwa cha Inspekta.

"Birika hili la nani, Shangazi?"

"Langu."

"Mkuu aliyapiga marufuku tangu stoo iponee chupuchupu kuungua."

"Najua, baba."

"Nani mwingine anakunywa humu?"

"Hakuna. Wengine wanakunywa ya chupa."

"Kwa nini mimi?"

Shangazi akazima birika, akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Kumbe hukumbuki."

Akamweleza amesimama vile vile, kikombe mkononi. Mama mzazi wa Shangazi, ambaye akili ilikuwa imeanza kumtoka, alipotea siku moja ya mvua. Walimtafuta kutwa. Inspekta, wakati huo bado koplo, alimkuta amekaa kwenye ngazi za posta iliyofungwa, amelowa, anamngoja mumewe aliyekwisha kufa zamani. Alikataa katakata kuinuka. Wapita njia walimcheka.

"Wewe ulimvika koti lako. Ukakaa naye kwenye maji. Halafu ukamwambia mumewe ndiye aliyekutuma umpeleke nyumbani. Akakupa mkono, akaja. Mlangoni kwetu hukungoja hata tukushukuru. Nilipopata kazi hapa nikakuona. Sina cha kukupa. Nikasema maadamu nipo, huyu hatakunywa chai iliyopoa. Nikikuona langoni, nawasha."

Inspekta alitafuta kumbukumbu ile akapata kipande tu, koti lililolowa mvua hadi likawa zito. Wahenga walisema tenda wema uende zako, naye alikuwa amekwenda kweli, moja kwa moja, bila kugeuka. Miaka yote hiyo alikuwa akiwachimba watu kwa maswali, wala hakuwahi kuuliza kwa nini kikombe cha mezani kwake kilikuwa moto kila siku. Aliona aibu, na nyuma ya aibu akaona shukrani.

Ilibidi amwambie la pili. Alimweleza habari ya ekstensheni, na kwamba birika likiwaka linavuta umeme wote, kompyuta inabaki bila pumzi. Shangazi akasikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo ninayemponza Bi Kasi ni mimi."

"Hukujua, Shangazi."

"Sasa nimejua." Akavua aproni, akaikunja, akaenda kugonga mlango wa Mkuu kabla Inspekta hajamzuia.

Alikiri mbele ya watu wote, Bi Kasi akiwapo na Fundi pia, na hakujitetea kwa lolote. Mkuu alilitazama birika ambalo Inspekta aliliweka mezani kama kielelezo.

"Na mimi," hatimaye Mkuu akauliza polepole, "yangu ilikuwa ya chupa?"

"Ya chupa, afande."

Bi Kasi ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo, akamkumbatia Shangazi huku machozi yanamtoka. Mkuu alikohoa, akamwomba Bi Kasi radhi kwa sentensi moja fupi iliyomtoka kwa taabu. Akamwagiza Fundi atafute fundi mwenzake wa umeme avute waya mpya, mnene, na soketi ya birika peke yake, mahali pa wazi. Kuhusu adhabu, alisema Shangazi atachemshia kituo kizima. Jalada la wezi wa dawa likakamilika kabla ya jioni bila kioo kupepesa.

Jumapili Inspekta alikwenda nyumbani kwa Shangazi. Bibi kizee alikuwa amekaa karibu na dirisha, na kwenye msumari nyuma yake lilining'inia koti kuukuu la polisi, limepigwa pasi. Inspekta alikuwa amesahau hata kwamba hakurudishiwa. Bibi alimtazama muda mrefu, hakumtambua.

"Mume wangu amekutuma?" akauliza.

Inspekta akachuchumaa, akamshika mkono.

"Ndiyo, mama. Amenituma nije kuwashukuru."