Hedifoni Namba Arobaini na Moja

"Mtoe kabla ya saa nne," sauti ya Mjomba ilisema kwenye simu.

"Nani?"

"Unamjua."

Simu ikakatika.

Kobe aliirudisha Nokia mfukoni, akaendelea kugawa hedifoni mlangoni kwa tabasamu la mtu asiye na habari. Kwenye idara ya ujasusi walimpa jina hilo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Hapa kwenye jengo la mikutano alikuwa mgawa hedifoni tu, na wajumbe walimpita kama wanavyoupita mlango. Chini ya koti, bastola ya Glock. Ndani ya kifuniko cha kalamu, kidonge kimoja cheupe.

Casio yake ilisema saa mbili kasoro dakika kumi.

Ndiyo, alimjua. Mama Daktari, msemaji wa kanda.

Nchi zaidi ya arobaini zilikubaliana kuongea kwa kinywa cha mama huyu kwenye mazungumzo ya mkataba wa kimataifa wa tumbaku. Nchi moja moja, makampuni ya sigara yangezimeza asubuhi moja. Zikishikana, hakuna mkataba bila nchi hizo. Na leo saa nne kikao kikuu kingeamua kama matangazo ya sigara yapigwe marufuku dunia nzima.

Kila asubuhi saa mbili wajumbe wa kanda walijifungia kwenye chumba hiki kupanga. Kila adhuhuri, siku tatu mfululizo, watu wa kampuni walikuwa wameshajua kila neno. Nchi gani inasitasita. Waziri gani apigiwe simu. Siri ilivuja kama pakacha.

Mjomba, mkuu wake idarani, alikuwa na sababu zake za kumshuku mama huyu. Kaka wa Mama Daktari analima tumbaku. Halafu kuna pazia.

Kila alipoingia, kabla hata ya kumsalimia mtu, mama huyu alikwenda moja kwa moja kwenye dirisha kubwa la kioo, akafungua pazia na kukisukuma kidirisha cha pembeni.

"Hewa, jamani! Mnataka tufe kabla ya wavutaji?"

Wote walicheka. Kobe hakucheka. Kwenye daftari lake alikuwa ameandika: *Pazia. Ishara?*

Leo tena pazia likafunguliwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Umekula lakini? Na chai yangu je?"

"Inakuja, Mama."

Siku zote tatu ni yeye peke yake aliyemuuliza kama amekula. Kobe alipokidondosha kidonge ndani ya kikombe, roho ilimuuma. Nusu saa baadaye mama angeona kizunguzungu, gari la wagonjwa lingekuja, na hotuba ingesomwa na naibu wake, mtu ambaye jibu lake kwa kila jambo lilikuwa "tutaona". Kanda ingesambaratika kabla ya chakula cha mchana.

Lakini amri ni amri. Akapiga moyo konde, akamwekea kikombe mbele yake.

"Asante. Ngoja ipoe kidogo."

Kobe akarudi mezani kwake. Ili mikono ipate kazi, akaanza kupanga hedifoni zilizobaki.

"Arobaini na moja haijarudi mpaka leo," alilalamika fundi mitambo. "Tangu siku ya kwanza. Na mimi ndiye nitakayeulizwa."

"Labda mtu kaenda nayo nyumbani."

"Itamfaa nini? Hii si redio, bwana. Sauti ya wakalimani inasafiri kwa mwanga, wewe huuoni tu. Ukigonga ukuta, kwisha habari yake."

"Na ukigonga kioo?"

Fundi alijikuna kichwa.

"Kioo unapita. Kwani mapazia yaliwekwa ya nini?"

Kobe aligeuka taratibu kuelekea dirishani.

Nje kulikuwa na bustani. Ng'ambo ya bustani, kibanda cha wavutaji sigara. Akatoa darubini yake ndogo ya Zeiss, akajifanya anafuta lenzi.

Mtu mmoja. Kofia ya kijivu. Hedifoni masikioni.

Mtu huyo alikuwa pale tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyemtazama. Wajumbe hawa walikuwa maadui wa sigara. Walizunguka jengo zima ili wasipite karibu na kibanda kile. Wangepekua mikoba, vyoo, hata vyungu vya maua, lakini kule wasingekanyaga. Kobe naye aliambukizwa dharau hiyo, akawa anatazama pazia badala ya kutazama lililo nyuma yake.

Sigara ya yule mtu ilikuwa imeungua yenyewe hadi karibu na vidole. Majivu yalining'inia marefu, mazima.

Siku tatu kwenye kibanda cha wavutaji, na havuti.

Kwa hiyo pazia halikuwa ishara. Mama alitaka hewa tu.

Kikombe!

Kobe akatoka mguu niponye.

Mama Daktari alikuwa ameshakifikisha mdomoni. Kobe akajikwaa kwenye kiti kwa makusudi, akamwangukia. Kikombe kikaruka. Chai ikailowesha hotuba nzima.

"Hivi huyu mtu ana macho kweli?" naibu alifoka.

"Nisameheni, wakubwa. Nisameheni."

Akainama kufuta meza, huku kalamu yake ikiandika haraka chini ya leso. Leso ilipopita mbele ya mama, iliacha kikaratasi: *Wanatusikia kupitia dirishani. Usifunge pazia. Wadanganye.*

Mama akasoma. Akamtazama Kobe usoni, kwa muda mrefu kuliko Kobe alivyopenda. Kisha akachukua karatasi kavu, akaandika mistari miwili, akaizungusha mezani: *Nitakayosema sasa ni uongo. Asibishe mtu.*

Mjumbe mmoja alizika kicheko kwenye leso.

Mama akawasha kipaza sauti.

"Ndugu zangu, tumebanwa. Leo tutaomba uamuzi uahirishwe. Kesho tutalegeza."

"Ole wetu!" mzee mmoja aliguna.

"Usizidishe," jirani yake alimnong'oneza.

Kule kibandani, kofia ya kijivu ilishanyanyua simu.

Kobe akasogeza mdomo kwenye kipaza sauti kilichofichwa kolani. "Lango, huyu ni Kobe. Mtu wa kibandani. Mwacheni apige simu kwanza."

"Nimekupata, Kobe."

Saa tatu na nusu, watu wa kampuni, ambao kila asubuhi walining'inia kwenye shingo za wajumbe, walikuwa mgahawani wakiagiza kahawa. Hakuna waziri aliyepigiwa simu. Ya nini, na kanda inalegea yenyewe?

Kobe alikwenda kibandani, akaketi karibu na yule mtu.

"Samahani kaka, una kiberiti?"

"Sivuti."

"Najua."

Mtu yule alitazama sigara iliyokuwa mkononi mwake. Alipoinua macho, vijana wawili wa langoni walikuwa wameshasimama nyuma yake.

Nokia ikatetemeka.

"Umemtoa?" Mjomba aliuliza.

"Nimemtoa. Ila siye uliyemtaka."

Saa nne kamili, Mama Daktari alisimama bila karatasi.

"Kanda yetu inasema kwa sauti moja. Marufuku kabisa."

Zile nchi zilizokuwa zikisitasita zilinyanyua vibao vyao, moja baada ya nyingine. Wajumbe marafiki wa kampuni waligeuka kutazama roshani ya wageni, wapate kuelekezwa. Viti vitupu; wenyewe walikuwa bado kwenye kahawa.

"Kuna pingamizi?" mwenyekiti aliuliza.

Hakuna kibao kilichoinuka.

Nyundo ikagonga meza.

Ukumbi ulipolipuka kwa makofi, Kobe alikuwa mlangoni akikusanya hedifoni. Mama Daktari alimfuata, macho yakiwa na machozi.

"Kwenye ile chai kulikuwa na nini?"

Kazi yake ilikuwa kudanganya. Alishindwa.

"Dawa ya usingizi, Mama. Nilikushuku wewe. Siku zote tatu."

Alikuwa tayari kupigwa kofi. Mama alitikisa kichwa tu.

"Na mimi nilikushuku wewe. Unadhani nilikuuliza kama umekula kwa sababu ya mapenzi? Nilitaka nikusikie ukijieleza."

Hilo lilimchoma Kobe kuliko kofi.

"Sasa kwa nini uliiamini karatasi yangu?"

"Kwa jinsi ulivyokimbia. Mtu hakimbii hivyo kumponya adui yake." Alitundika mkoba wake begani. "Kesho niletee chai nyingine. Utaonja wewe kwanza."

Kobe akarudi kwenye chumba cha kanda, akaiweka namba arobaini na moja, aliyoitwaa kibandani, mahali pake, akavuta pazia likafungana, akatoka nje kwa mwendo wake wa kawaida, wa polepole.