Gego la Mpiga Tarumbeta

Jumatatu ile simu haikulia. Bi Picha, kama alivyoitwa pale kliniki ya meno, aliiweka kando ya mashine ya eksirei, akawa anaitupia jicho kila alipomtoa mgonjwa mmoja na kumwingiza mwingine. Jioni alivua koti lake jeupe, akampigia mpenzi wake yeye mwenyewe. Simu ikaita mpaka ikakatika.

"Labda yuko mazoezini," dada yake alimwambia nyumbani, akimenya viazi.

"Bendi imesafiri jana."

"Basi yuko safarini."

"Bila kuniaga?"

Dada mtu akaendelea kumenya. Hakuwa mtu wa kutunga majibu.

Walikuwa wamekutana palepale kliniki, siku ambayo benchi la mapokezi lilijaa hadi watu wakaegemea ukuta. Aliingia mwanamume mrefu, shati la rangi ya machungwa limenyooka kwa pasi, shavu moja limevimba, amekumbatia sanduku jeusi kama mtoto mchanga.

"Na sanduku nalo linaumwa jino?" Bi Picha alimuuliza.

"Hili halina meno, dada. Lina mdomo tu." Akalifungua kidogo, tarumbeta ikang'aa. Benchi zima likacheka, hata waliokuwa na maumivu.

Ndani ya chumba alimvika aproni yenye madini ya risasi.

"Mbona nzito hivi? Unanifunga nisikimbie?"

"Nakukinga na mionzi. Uma hapa, tulia, usicheke."

"Na kupumua?"

"Pumua. Ukinifia humu nitamwambia nini daktari?"

Alipewa dawa, jino likalala. Yeye hakulala. Wiki iliyofuata alirudi akidai linauma, akashindwa kuonyesha ni lipi. Daktari, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, alimtazama, akamtazama na Bi Picha, akasema mgonjwa huyu atibiwe nje ya saa za kazi. Basi wakawa wanatibiana: kahawa baada ya kazi, matembezi, simu kila asubuhi kabla mashine haijawashwa.

"Umeamkaje, mpenzi?"

"Nimeamka na meno yote. Wewe?"

"Moja linanuna."

Lile gego la juu liliamka kweli wakati mbaya. Bendi yake ilikuwa imepata mkataba wa mwaka mzima wa kupiga muziki kwenye hoteli ya mji mwingine, na yeye alitaka ling'olewe kabla ya kuondoka. Bi Picha akamwekea picha kwenye kioo cha kompyuta.

"Hapa penye weusi ni sainasi, kifuko cha hewa kilicho ndani ya mfupa wa shavu. Mstari huu mweupe ndio sakafu yake. Unaona mizizi ya jino lako? Imeuvuka."

"Kwa hiyo imeingia ndani."

"Hapo ndipo sijui. Picha hii ni bapa, mpenzi. Kilicho mbele na kilicho nyuma vinalala pamoja, kama mashati mawili kwenye kamba ukiyatazama kwa mbele. Huenda mizizi inapita kando tu. Hospitali kuu wana mashine inayopiga pande zote. Nimekuombea nafasi, Jumatano ijayo."

"Tunaondoka Jumapili."

"Kama imeingia, na ukaling'oa kwa pupa, linaweza kubaki tundu. Utapuliza tarumbeta hewa itokee puani."

Mwanamume alikikuna kifuniko cha sanduku lake kwa ukucha. "Nikuulize kitu. Unaliogopea jino au unaiogopa safari?"

Bi Picha angeweza kusema jino tu. "Vyote viwili," alisema, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

"Ahaa," mwanamume akasema. Akachukua sanduku, akatoka. Baada ya hapo ndipo simu iliponyamaza.

Bi Picha alijihesabu mwanamke aliyeachwa. Aliendelea kuvisha watu aproni na kuwaambia watulie. Nyumbani alikula kidogo, na dada yake akawa anampakulia kingi bila kusema neno. Mara mbili alimwandikia ujumbe mrefu akaufuta. Mtu aliyekwenda zake, alijiambia, haitwi kwa kelele.

Hata asubuhi moja akachungulia mapokezi ili aite mgonjwa anayefuata, akamkuta mwishoni mwa benchi. Shati limekunjamana. Hana sanduku. Kiganja kimefunika mdomo.

"Hukusafiri," alisema.

"Sikusafiri." Sauti ilimtokea puani, kama mtu mwenye mafua makali.

"Ingia."

Alikaa kitini akaeleza akitazama sakafu. Jumamosi ile alikwenda kliniki nyingine, akaficha kwamba kuna picha, akang'olewa. Jioni alisukutua, maji yakamtoka puani. Jumapili, mbele ya basi, kiongozi wa bendi alimwomba apige noti moja tu. Pumzi ikapita puani, tarumbeta ikakaa kimya, watu wote wakimtazama. Kiti chake akapewa mwingine.

"Na simu yangu ulikuwa unaisikia?"

"Kila ilipoita."

"Nilidhani umeniacha."

"Ulinionya, nikadhani unanizuia. Ningeanzia wapi? Nilijua utanicheka."

"Ningekucheka," Bi Picha alisema. "Halafu ningekuleta hapa siku hiyohiyo."

Akacheka yeye, pua ikapiga mluzi, akaifunika upesi. Bi Picha naye kicheko kikamponyoka, kikaendelea hadi kikageuka kilio, akajifuta kwa mkono wa koti.

Picha ya pande zote, waliyokwenda kuipiga hospitali kuu, ilionyesha kila kitu: tundu pale mzizi ulipokuwa, na sainasi, iliyopaswa kuwa nyeusi kwa hewa, imejaa ukijivu wa uchafu. Waliporudi kliniki, daktari aliisafisha, akavuta ufizi juu ya tundu, akaushona.

"Usipenge kamasi. Usinywe kwa mrija. Chafya ikija, achia mdomo wazi. Tarumbeta usiiguse mpaka niseme mimi."

"Na kubusu, daktari?"

Daktari alivua miwani. "Hilo si langu. Muulize aliyekupiga picha."

Bi Picha alipomsindikiza hadi getini, ganzi ilikuwa bado haijamtoka mwanamume mdomoni. "Nilitaka kukuposa nikiwa na mkataba mkononi," alisema kwa taabu. "Sasa sina bendi, na gego sina."

"Gego sikuwa na shida nalo."

"Utanikubali hivi?"

"Kwa sharti. Likiharibika jambo, niambie lingali bichi."

"Hata la aibu?"

"La aibu ndilo la kwanza."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, asije akafumua nyuzi.

Harusi ni mwezi ujao. Tarumbeta atapiga mtu mwingine, kwa kuwa ufizi haujashika sawasawa, na daktari hajaruhusu.